Kuta za Klamath zimeanguka, ugomvi wa maji umebaki

*Kwa zaidi ya miaka 100 samoni wa mto mmoja wa Marekani waligonga zege na kufia hapo. Sasa njia ipo wazi, na mkulima wa juu na mvuvi wa chini wamebaki kutazamana.*

SAMAKI walianza kuelea Septemba 2002, katika mto Klamath, kaskazini mwa California, karibu na pale mto huo unapoingia Bahari ya Pasifiki. Mwanzoni walionekana mmojammoja. Siku chache baadaye kingo zote mbili zilikuwa zimejaa samoni waliokufa, wengine urefu wa mkono wa mtu mzima, matamvua yao yameoza tangu wakiwa hai.

Wayurok, ambao ardhi yao inafuata mto hadi mlangoni pake, walitoka na mashua kwenda kuwahesabu huku harufu ikiwafuata hadi nyumbani. Miongoni mwao alikuwa Amy Cordalis, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akijifunza kazi kwenye idara ya uvuvi ya kabila lake. Baadaye alisomea sheria na kuwa mwanasheria mkuu wa Wayurok.

Hesabu rasmi ya jimbo ilisema waliokufa hawapungui 34,000. Wayurok husema walikuwa wengi zaidi ya hapo, maana aliyezama chini ya maji hakuhesabiwa. Karibu wote walikuwa wametoka baharini kwenda kutaga, kwa hiyo pamoja nao kilikufa kizazi ambacho hakijazaliwa.

Kilichowaua ni vimelea na bakteria ambao wamo mtoni humo siku zote. Mwaka ule maji yalikuwa machache na ya vuguvugu, samaki wakarundikana kwenye vidimbwi wakisubiri mto upoe. Aliyewahi kubanana na wenzake ndani ya daladala iliyofungwa madirisha wakati wa mvua anajua mambo yanavyokuwa: mmoja akikohoa, mafua ni ya wote.

Maji yalikokwenda hakukuwa siri. Yalikuwa juu, kwenye mashamba ya viazi na majani ya mifugo.

Samaki wa kurudi kwao

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayemjua samoni huenda anamjua kama kipande cha rangi ya chungwa kwenye sahani ya hoteli. Huyo ni wa kufugwa, aghalabu kutoka Norway, na ni wa jamii ya Atlantiki. Ndugu zake wa porini nao wana hali mbaya: mwaka 2023 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimhamishia samoni wa Atlantiki kwenye kundi la walio karibu na hatari, baada ya idadi yake duniani kushuka kwa asilimia 23 kati ya 2006 na 2020.

Wa Klamath ni wa Pasifiki, na mkubwa wao anaitwa chinook. Maisha yake ni ya safari. Huanguliwa kwenye changarawe za mto wenye maji baridi, hukaa humo miezi kadhaa, kisha huteremka baharini akiwa hajazidi kidole. Miaka miwili, mitatu au minne baadaye, ana kilo nyingi, hugeuka na kuutafuta mto uleule, akiongozwa na harufu ya maji aliyoanguliwa ndani yake.

Akishaingia kwenye maji yasiyo na chumvi hali tena. Hupanda kwa nguvu ya mafuta aliyokusanya baharini, jike huchimba changarawe kwa mkia na kutaga maelfu ya mayai, dume huyarutubisha, na wote wawili hufa. Mizoga yao huliwa na dubu, ndege na wadudu, na mabaki huwa mbolea ya misitu. Wanasayansi wamekuta naitrojeni iliyotoka baharini ndani ya miti iliyoota kando ya mito ya samoni.

Kwa Kiyurok samoni ni *nepuy*, neno lililotokana na kitenzi cha kula. Sisi tungesema kitoweo, na tungemaliza mjadala.

Nasi tuna wetu wa namna hii, ingawa haendi baharini. Ningu wa Ziwa Victoria hupanda mito kama Nzoia, Sondu na Kagera wakati wa mvua ili atage. Nyavu za makila zilipoingia ziwani mwanzoni mwa karne iliyopita, wavuvi walizitega palepale milangoni mwa mito, samaki akanaswa na mayai yake tumboni. Kufikia miaka ya 1950 biashara ya ningu ilikuwa imekwisha. Hakuhitajika hata ukuta mmoja wa zege.

> Pamoja nao kilikufa kizazi ambacho hakijazaliwa.

Kuta nne, umeme kiduchu

Klamath una urefu wa kilomita 400 na ushei. Unaanzia kwenye ziwa la Upper Klamath jimboni Oregon, unakata milima, unaishia Pasifiki. Kabla ya wazungu kuufikia ulikuwa mto wa tatu kwa wingi wa samoni kwenye pwani yote ya magharibi ya nchi ambayo leo ni Marekani, nyuma ya Columbia na Sacramento.

Ujenzi wa bwawa la kwanza kati ya yaliyoufunga mto huo kwa samaki ulizuia njia mwaka 1912. Copco namba 1 likakamilika 1918, likafuata Copco namba 2 mwaka 1925, J.C. Boyle 1958, na la chini kabisa, Iron Gate, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakuna lililojengewa ngazi ya kumpitisha samoni hadi mazalia yake ya juu. Waklamath wa Oregon, walioishi juu ya kuta hizo, waliambiwa samaki wao wamekwisha, na vizazi vinne au vitano vikakua bila kumwonja.

Yalikuwa mabwawa ya kufua umeme tu. Hayakumwagilia shamba lolote, na kwa kuzuia mafuriko hayakuwa na msaada mkubwa. Yote manne kwa pamoja yaliweza kutoa megawati 163. Bwawa la Kidatu nchini Tanzania, peke yake, linaweza kutoa 204. Kwa kampuni iliyoyamiliki, PacifiCorp, umeme huo ulikuwa kama asilimia mbili ya umeme wake wote.

Kiangazi maji yaliyotuama nyuma ya kuta yalipata moto na kugeuka kijani kwa mwani wenye sumu, na vibao vya kuwakataza watu kuogelea vikasimikwa kila mwaka. Maji hayohayo ndiyo yaliyoteremshwa kwa samaki wa chini.

Ndoo ya Klamath Falls

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, haukuanzia kwenye umeme. Ulianzia juu zaidi.

Mwaka 1905 serikali kuu ya Marekani ilianzisha mradi wa kukausha maziwa na madimbwi ya bonde la juu na kuyageuza mashamba ya umwagiliaji, ambayo leo ni karibu hekta 90,000. Viwanja viligawiwa wanajeshi waliorudi kutoka vita kuu zote mbili. Baada ya vita ya pili, majina ya waombaji yalitumbukizwa kwenye chupa kubwa ya achari na kuchomolewa moja baada ya jingine. Aliyebahatika alipewa ardhi na ahadi ya maji. Wajukuu wa waliochomolewa ndio wanaolima sasa, na wanaposema serikali iliwaahidi hawatii chumvi.

Tatizo ni kwamba serikali ileile iliwaahidi na wengine. Mkataba wa 1864 uliwaachia Waklamath haki ya kuvua, na samaki havuliwi kwenye mchanga. Wayurok walilazimika kufika hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 1969 walinzi wa jimbo walimnyang'anya mvuvi Raymond Mattz nyavu zake. Mwaka 1973 mahakama hiyo iliamua kuwa ardhi aliyovulia bado ni ya wenyeji wa asili. Mattz ni wa ukoo uleule wa Cordalis.

Aprili 2001, katikati ya ukame, idara ya serikali kuu inayosimamia mifereji ilifunga maji kwa zaidi ya mashamba 1,000. Sheria ya kulinda viumbe walio hatarini iliwalinda coho, ambaye ni samoni mdogo wa chini, na samaki wawili wa ziwani ambao Waklamath huwaita *c'waam* na *koptu*. Wakulima waliona mazao yakinyauka kwa ajili ya samaki wasiowahi kumtia mmoja wao kikaangoni.

Mei mwaka huo maelfu ya watu walijipanga kwenye barabara kuu ya mji wa Klamath Falls, wakapokezana ndoo za maji mkono kwa mkono hadi kwenye mfereji uliofungwa. Julai wengine walikata milango ya mfereji huo na kuufungulia. Sanamu ya ndoo kubwa ipo mjini humo hadi leo, mbele ya ofisi za kaunti.

Mwaka uliofuata wakulima walipewa maji. Septemba samaki wakaelea.

Ni rahisi kuwagawa watu hawa, mwema huku na mwovu kule. Nimejaribu, ikashindikana. Mkulima wa Tulelake kule juu hakujenga Copco, na mvuvi wa Requa kule chini hakugawa viwanja kwa chupa ya achari. Wote wanadai deni kwa mtu mmoja, na mtu huyo ameandika hundi kubwa kuliko akiba ya mto.

> Wakulima waliona mazao yakinyauka kwa ajili ya samaki wasiowahi kumtia mmoja wao kikaangoni.

Edinburgh, Omaha, kisha mahesabu

Baada ya vifo vya 2002 makabila ya mto, Wayurok, Wakaruk, Wahoopa na Waklamath, yaliacha kuwafuata mameneja na kuwafuata wenye mali. PacifiCorp wakati huo ilikuwa chini ya ScottishPower, kwa hiyo mwaka 2004 ujumbe wao ulipanda ndege hadi Edinburgh na kufika kwenye mkutano wa wanahisa. Waskoti wanamjua samoni, hawakuhitaji kuelezwa mengi. Kampuni ilipouzwa kwa Berkshire Hathaway ya Warren Buffett, safari zikawa za Omaha. Buffett alijibu kwamba uamuzi ni wa mamlaka za udhibiti.

Kilichougeuza upepo ni leseni. Ile ya miaka 50 ilimalizika 2006, na mamlaka za samaki za serikali kuu zikasema kwamba leseni mpya lazima iambatane na ngazi za samaki. Kampuni ilipopiga hesabu, ngazi hizo pamoja na masharti mengine zilikuwa ghali kuliko kuyabomoa mabwawa yenyewe. Bili ya kubomoa ilikadiriwa kuwa dola milioni 450: milioni 200 kutoka kwa wateja wa umeme, 250 kutoka hati fungani za maji za jimbo la California.

Hapa ndipo wapenzi wa mazingira hupenda kuimba ushindi, na ndipo ninapowaomba wapunguze sauti. Mabwawa haya yalianguka kwa sababu hayakulipa. Machozi ya miaka yote yalisaidia kuyafanya yasilipe, lakini mwenye mali alishawishika alipoiona karatasi ya mhasibu. Mwenye shaka autazame mto Snake, kaskazini zaidi, ambako mabwawa manne yana umeme mwingi na njia ya majahazi ya ngano. Huko mwaka 1992 samoni mmoja tu wa aina ya sockeye alifika kwenye mazalia yake, ziwa la Redfish, na mabwawa yapo hadi leo. Makubaliano ya Desemba 2023 yaliyoelekea kufungua njia ya kuyaondoa yalifutwa na Rais Donald Trump Juni 2025.

Jambo jingine husahauliwa. Februari 2010 ilitiwa saini mikataba miwili kuhusu Klamath. Mmoja ulihusu kubomoa kuta. Wa pili ulihusu kugawana maji, na wakulima, wavuvi na baadhi ya makabila waliokuwa wakitukanana juzi waliuwekea saini. Mkataba wa pili ulihitaji sheria ya Bunge la Marekani. Bunge liliukalia hadi Desemba 2015, ukafa. Wa kuta ukafufuliwa peke yake Aprili 2016, huko Requa, mlangoni mwa mto.

Tope la mwaka mmoja

Ruhusa ya mwisho ilitoka Novemba 2022. Copco namba 2 likaondolewa 2023. Januari 2024 maji ya mabwawa matatu yaliyobaki yalianza kufunguliwa, na mto ukageuka uji wa kahawia hadi baharini, ukibeba tope lililolala kwa miongo mingi.

Haikuwa kazi safi. Paa waliojaribu kuvuka sakafu ya bwawa lililokauka walikwama kwenye matope na kufa. Februari, kituo cha vifaranga kiliachilia samoni wachanga wapatao 830,000 juu ya Iron Gate. Walipopita kwenye handaki la bwawa hilo, mgandamizo wa maji uliwajaza viputo vya gesi mwilini, wakafa. Lilikuwa kosa la watu waliokuwa wakijaribu kusaidia, na waliopinga ubomoaji walilishika vizuri.

Wapinzani hao walikuwa wengi. Katika kaunti ya Siskiyou, yalikokuwa mabwawa matatu kati ya manne, karibu wapiga kura wanne kati ya watano walikataa ubomoaji kwenye kura ya maoni ya 2010. Waliojenga nyumba kando ya ziwa la Copco kwa ajili ya mandhari ya maji waliamka siku moja na kuona bonde la tope, thamani ya nyumba imeyeyuka. Waliogopa pia moto wa msituni, kwa kuwa helikopta za zimamoto zilichota maji pale.

Upande wa pili wa tope hilo kulikuwa na Washasta, ambao vijiji vyao vilimezwa na Copco. Juni 2024 California ilitangaza kuwarudishia zaidi ya hekta 1,100. Watu wenye mifuko ya mabilioni ya mbegu za asili, zilizozalishwa kutokana na zile zilizookotwa kwa mikono kwenye milima ya jirani kwa miaka kadhaa, walikuwa tayari wanazimwaga juu ya tope bichi.

Oktoba 2024 kazi ya ubomoaji ilitangazwa kumalizika. Ulikuwa mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake katika historia ya Marekani.

Waliopotea njia

Oktoba 16, wiki mbili baada ya tangazo hilo, wataalamu wa Oregon walimwona chinook kwenye kijito kilicho juu ya mahali lilipokuwa bwawa la J.C. Boyle. Tangu 1912 hakuna aliyekuwa amefika huko. Hadi mwisho wa msimu mitambo ya sauti iliyowekwa majini ilikuwa imehesabu zaidi ya samaki 6,000 wakipita lilipokuwa Iron Gate.

Walijuaje njia? Samoni hurudi alikoanguliwa, na hawa walianguliwa chini ya ukuta. Jibu ni kwamba katika kila kundi wapo wachache ambao hawarudi kwao. Hukosea, au hufuata maji baridi wanayoyasikia yakitoka juu, na wataalamu huwaita wapotevu. Wakati barafu ya kale ilipoyeyuka na kufungua mito ya kaskazini, samoni wa kwanza kuingia humo walikuwa wa aina hii.

Juni na Julai 2025 vijana wa makabila ya mto waliupiga makasia Klamath kuanzia kwenye vyanzo vyake hadi baharini, mwezi mzima, kilomita 500 hivi, wakipita kwenye mawe yaliyokuwa chini ya maziwa tangu enzi za babu wa babu zao. Kufikia Oktoba mwaka huo chinook walikuwa wamevuka mabwawa mawili madogo yaliyobaki, Keno na Link River, wakaingia ziwa la Upper Klamath na kupanda mito inayolilisha. Waklamath waliona samaki wakiwa mtoni kwao, na hakuna mzee miongoni mwao aliyekuwa na kumbukumbu ya kuwafananisha nayo.

> Katika kila kundi wapo wachache ambao hawarudi kwao.

Mlango wa mfereji

Hadi 2025 mvuvi wa baharini alikuwa hajanufaika. California ilifunga uvuvi wa kibiashara wa samoni 2023, ikafunga 2024, ikafunga 2025. Lawama haiko Klamath peke yake. Sacramento nao umechoka, bahari ina joto, na kuna ukame uliopita miaka ya nyuma ambao samaki wake ndio walipaswa kuvuliwa sasa. Wavuvi wa kibiashara wa bandari za Fort Bragg na Eureka waliuza mashua au waligeukia kaa. Chinook wa masika, ambao zamani ndio walikuwa wengi Klamath, wamebaki kiduchu, na tangu 2021 jimbo linawahesabu kuwa walio hatarini.

Ziwa la juu nalo lina shida zake. Lina kina kifupi, limejaa fosfati, na kiangazi huchachuka kijani. Mabwawa ya Keno na Link River yana ngazi za samaki, ila zilijengwa bila kumfikiria chinook mwenye kilo kumi. Na maji ni yaleyale: ya ziwa, ya mto, ya shamba, ya hifadhi ya ndege inayokauka pembeni.

Februari 2024, siku za tope, Wayurok, Wakaruk, Waklamath na chama cha wakulima wa mradi walitia saini hati ya kushirikiana katika kurekebisha bonde. Haikugawa lita hata moja. Lakini walikaa meza moja, na kwa miaka mingi hawakuwa wakifanya hivyo.

Sasa wakulima wana ombi ambalo hata Wayurok hawalipingi: wavu wa chuma kwenye midomo ya mifereji. Mfereji mkuu, uleule uliokatwa milango 2001, uliwekewa wavu mwaka 2003. Mifereji mingine chini yake, kati ya Link River na Keno, ipo wazi. Mkulima anaogopa kwamba kifaranga cha samoni aliye chini ya ulinzi wa sheria akikutwa amekufa kwenye mtaro wake wa viazi, atakayefungiwa maji ni yeye. Mvuvi anaogopa kifaranga hicho kisifike baharini. Wavu unagharimu fedha, na kila mmoja anamtazama mwenzake, kisha wote wanaitazama Washington.

Mayai yaliyotagwa juu ya ziwa Oktoba 2025 yalikuwa ya kuanguliwa majira ya baridi. Vifaranga huteremka masika yakiingia, usiku, kichwa kikitazama mkondo unakotoka na mkia ukitangulia, wakifuata maji popote yanapovuta. Majira hayohayo mkulima hufungua mfereji.